Filamu zetu zipewe Kiswahili, koo langu limechoka

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba wasimulizi wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake, akina Lufufu hapa kwetu na DJ Afro kwa majirani zetu wa Kenya, ndio walioua sinema nzuri kwa kutuzoesha kelele juu ya picha. Ameandika kwa hasira ya mtu anayeipenda sinema, na hasira hiyo hata mimi ninayo. Ila amemkamata asiye mwizi.

Mimi ni fundi mstaafu wa redio na deki. Nilikuwa na kibanda Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Nimesafisha hedi za deki kwa spiriti na kitambaa, nimefuta ukungu mweupe kwenye kanda zilizolala kabatini masika mawili, nimeunga kwa selotepu kanda zilizotafunwa na deki. Kupima kama deki imepona, fundi huchomeka kanda yoyote iliyo karibu, akatazama dakika tano, akaitoa. Ndiyo maana kuna filamu mamia ninazozijua katikati tu. Mwanzo sijui, mwisho sijui. Nilipofunga kibanda niliapa kwamba kuanzia siku hiyo picha nitaitazama nzima.

Sisi wa zamani tukisema "picha" tuna maana ya sinema. Jumapili tulikuwa Avalon au Empress, foleni mpaka barabarani, walanguzi wa tiketi pembeni wanataja bei huku wanatazama kwingine. Picha ya Kihindi inakwenda saa tatu na katika safu yetu nzima hakuna anayejua Kihindi. Lakini hakukosekana kaka mmoja aliyekwisha kuiona mara nne, amekaa nyuma yetu, ananong'ona: "Sasa huyo jaji ndiye baba yake, ila hawajuani." Hiyo ni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Miaka mingi baadaye nikaja kujua kuwa aliyecheza jaji, Prithviraj Kapoor, alikuwa baba yake mzazi kweli. Yule kaka wa nyuma angelijua hilo angelipasuka.

Kwa hiyo usimulizi haukuletwa na deki wala na vibanda umiza vya kuonyeshea video. Ulikuwepo kwa sababu filamu ilikuja na lugha yake, na aliyeileta hakujishughulisha na lugha yetu. Msimulizi alijaza pengo. Kama alilijaza kwa utani na kelele, tumwulize aliyeliacha wazi.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Kila Alhamisi baada ya Isha, sebuleni kwangu hapa Magomeni, tunakutana watu wanane au tisa kutazama picha za zamani. Si wasomi wa filamu. Kuna mzee aliyefanya kazi bandarini, kuna kijana wa bodaboda, kuna mwalimu wa sekondari, kuna mama jirani anayeuza vitumbua, huja na binti yake. Tulianza na za Kihindi, tukaenda za kichina za kung-fu, kisha mwalimu akaanza kutuchokoza: mbona hatutazami za Waafrika wenzetu?

Nikamwambia mpwa wangu aliyeko Minneapolis anitafutie Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1968. Nilikuwa nimesikia kwamba kampuni ya Criterion ya Marekani imeitoa mwaka 2021 kutoka kwenye nakala iliyosafishwa upya kwa ubora wa 4K. Akanunua Blu-ray, akampa mtu anayekuja, diski ikafika imefungwa nailoni yake vizuri. Nikaichomeka. Deki ikaguna, ikaandika kwamba diski hii si ya eneo hili.

Fundi mzima nimesahau! Blu-ray zimegawiwa dunia mafungu matatu: Marekani ni A, Afrika tumewekwa pamoja na Ulaya kwenye B. DVD nazo zina mafungu yake, Marekani ni 1 na sisi ni 5. Filamu ya Dakar, iliyopigwa Dakar, na watu wa Dakar, imefungwa kufuli ili isifunguke Afrika. Sisemi walikusudia. Ni mipaka ya haki za kuuza, kila soko na mwenyewe. Lakini mzee wa bandarini aliikamata ile diski, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Huyu naye kanyimwa viza."

Mpwa akatuma tena, safari hii DVD ya kawaida, na deki yangu kuukuu ya DVD ina tarakimu zake za siri ukizibonyeza kwenye rimoti inasahau mambo ya maeneo. Picha ikawaka. Jamani. Nimezoea kanda zinazonyesha mvua hata kama ni kiangazi, na hapa naona vumbi la mtaa, naona jasho kwenye kipaji cha mzee Ibrahima Dieng, kinyozi anamnyoa chini ya mti mpaka vinyweleo vya puani. Mama wa vitumbua akasema, "Huyu mzee anajipenda," na kabla mtu hajasema neno lolote kwenye picha sebule yote ilikuwa imeshamjua Dieng ni mtu wa namna gani.

Kisha wakaanza kuongea. Kiwolofu, lugha ya huko Senegal. Na chini, maandishi ya Kiingereza.

Salamu hazikuhitaji mkalimani. Mzee wa bandarini alimjibu mtu wa kwenye televisheni, "Waalaikumu salaam," kwa adabu zote. Lakini zaidi ya hapo, katika watu tisa, wanaoweza kusoma Kiingereza kinachopita haraka namna ile ni wawili, mimi na mwalimu, na mimi mwenyewe kwa miwani. Wakanigeukia. Nikawa Lufufu.

Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto saba. Mpwa wake anayefagia barabara Paris anamtumia hundi ya posta ya faranga 25,000: elfu mbili zake, elfu tatu za mama wa kijana, elfu ishirini amtunzie. Habari inaenea mtaani kabla ya pesa. Wake zake wanakopa mchele dukani kwa jina la hundi. Posta wanataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ofisi inamwuliza mzee amezaliwa lini na yeye anajua takriban tu. Kwa mpiga picha analiwa pesa na kutolewa damu puani. Mwishowe jamaa yake aliyevaa suti anajitolea kumchukulia hundi, na anarudi na hadithi ya kuibiwa na gunia la mchele.

Pale kwenye ofisi sikuhitaji kusimulia sana. Kila mtu sebuleni ana kisa chake cha kitambulisho. Kijana wa bodaboda alisema hata barua ya mtendaji wa mtaa pale angeikosa.

Lakini kuna sehemu moja iliyonishika koo. Dieng hajui kusoma. Barua ya mpwa wake anampelekea mtu anayesomea watu barua pale posta, na yule mtu anamsomea. Nikawa nasoma Kiingereza, nakigeuza, nakitamka kwa Kiswahili kwa watu waliokuwa wananisikiliza vilevile kama Dieng anavyomsikiliza yule msomaji, shingo imeinama kidogo, macho chini. Nikasimamisha picha kwa rimoti, nikasingizia nakwenda kunywa maji.

Maana Sembène mwenyewe alikuwa kuli wa bandari Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, akasifiwa. Halafu akagundua kuwa watu anaowaandikia, wengi wao hawajui kusoma. Ndipo akaenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza sinema, akiwa tayari mtu mzima wa miaka karibu arobaini. Filamu yake ndefu ya kwanza ilisema Kifaransa. Mandabi ndiyo aliyoisemesha Kiwolofu, ili mama wa sokoni aielewe bila kusomewa. Leo filamu hiyo imesafishwa mpaka inang'aa, na sharti la kuielewa hapa Magomeni ni kusoma, tena Kiingereza.

Mwenzangu wa barua ile anataka filamu itazamwe kwa ukimya, msanii aachiwe aseme. Sawa. Aseme kwa lugha gani?

Nisidanganywe kwamba ni gharama. Kazi kubwa ni kusafisha picha, na hiyo imeshafanywa. Maandishi ya chini ya filamu ya saa moja na nusu ni faili dogo, halifikii ukubwa wa picha moja ya simu. DVD moja, kwa jinsi ilivyotengenezwa, ina nafasi ya njia 8 za sauti na njia 32 za maandishi. Thelathini na mbili! Nimezihesabu kwenye diski yangu ya Mandabi: inayotumika ni moja. Kiti kimoja tu kimekaliwa, basi zima tupu, na sisi tuko kituoni.

Wala wafanyakazi si wa kutafuta. Kila jioni televisheni zetu zinaonyesha tamthilia za Kituruki na za Kihindi zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na zimeingizwa vizuri. Wako vijana hapa mjini wanaoweza kumlilia mtu wa Istanbul mpaka ukasahau si Mswahili. Mwalimu Nyerere alimkalisha Shakespeare chini akamsemesha Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiwa na nchi ya kuendesha. Na Umoja wa Afrika ulipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022.

Tangu mwaka 2017 upo mradi wa kuokoa filamu 50 za Kiafrika, unaoendeshwa na taasisi ya mwongozaji filamu wa Marekani, Martin Scorsese, ya The Film Foundation pamoja na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI, na UNESCO. Ni kazi ya heshima na naiombea dua. Ninachowaomba, kupitia kwako Mhariri, na ninachowaomba BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na idara zetu za Kiswahili vyuoni wawaombe pamoja nami, ni njia moja kati ya zile 32. Ya maandishi. Na wakiweza, njia moja kati ya zile 8 za sauti wampe msimulizi mmoja wa Kitanzania, aliyetulia, aliyelipwa, ambaye asiyemtaka atamzima kwa rimoti. Hapo mimi na mwenzangu wa barua tutakuwa tumepatana.

Nikiwa hapohapo, kuna Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985. Hiyo ni yetu na haihitaji mkalimani. Mwanamke anaumwa, hospitali haimsaidii, anapelekwa kwa mganga anayemwogopa. Nimeizungukia Kariakoo yote kutafuta diski yake, mpaka wauza flashi wananiona nakuja wanacheka. Anayejua pa kuinunua kihalali aandike hapa, wengi tutamshukuru.

Jambo dogo la kifundi kwa wapenzi wa nyimbo za zamani. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, kanda zetu za mfumo wa PAL zikaziendesha 25. Kwa hiyo waimbaji wote wa Kihindi mliowakariri kwenye deki walikuwa wanaharakishwa kidogo, na sauti kupandishwa. Nilipomsikia Mukesh kwa kasi yake halisi nilidhani deki inazeeka. Kumbe alikuwa ametulia zaidi ya nilivyomjua miaka yote.

Alhamisi ijayo ni zamu ya Touki Bouki, ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, hiyo nayo ni ya Dakar: vijana wawili, Mory na Anta, wanazunguka na pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, wanasaka pesa za kupanda meli kwenda Paris. Safari hii sitaki kubabaika. Nimenunua kaunta buku, nasimamisha picha mstari kwa mstari, naandika Kiswahili chake kwa kalamu ya bluu. Nimefika ukurasa wa kumi na tatu. Kijana wa bodaboda anachotaka kujua ni kama zile pembe ni halali barabarani. Mama wa vitumbua ameshaniuliza mara mbili kama wale watoto watafika. Nimemwambia aje na vitumbua.

Fundi mstaafu wa deki,
Magomeni, Dar es Salaam