Muulizie Mzee swali hili

Kwako ndugu yangu Mwakio,

Salamu nyingi. Natumai mko wazima, na goti la Mzee limepoa. Barua hii ni yake zaidi kuliko yako.

Jana nilikwenda Makumbusho ya Usafiri ya London, pale Covent Garden, nikasimama mbele ya injini namba 23 ya Metropolitan Railway mpaka miguu ikaniuma. Ni ya mwaka 1866, katika kundi la A ambalo Beyer, Peacock wa Manchester walianza kulitoa mwaka 1864. Ndio haohao waliotengeneza zile Garratt, injini kubwa za mvuke alizoendesha Mzee kwenda Mombasa! Ukiiweka kando ya ile Garratt iitwayo Mount Gelai pale Nairobi, hii ni ndama.

Reli ile ilianza kupita chini ya jiji Januari 1863, kwa injini za kampuni nyingine ya reli, Great Western. Wakakosana mwaka huohuo, Great Western wakaondoa zao. Ndipo Metropolitan wakaagiza 18 zao wenyewe, wakazipa majina ya kale kama Jupiter, Mars na Apollo.

Sasa sikia kilichonishika. Kutoka kwenye silinda kuna bomba nene linalopanda hadi tangi la maji ubavuni. Treni ikiingia handakini, dereva aliuelekeza mvuke uliokwisha kazi uingie kwenye maji baridi ya tangi badala ya kutokea dohani, ili abiria wapate nafuu. Lakini Mzee ataona taabu mara moja: mvuke unaofoka dohani ndio unaovuta hewa motoni. Ukiuzuia, moto unalegea, na moshi wa makaa bado umo mle mle. Maji nayo yakishachemka hayapozi kitu tena. Sharti yamwagwe, yajazwe mengine. Na watu wale walifanya kazi hiyo bila paa, wamekingwa na ubao tu kwa mbele. Niliwaonea huruma sana.

Umeme ulipoingia mwaka 1905, nyingi ziliuzwa au zikavunjwa. Namba 23 ikabaki, ikavuta treni za mashambani huko Brill, ikapumzishwa mwaka 1948.

Basi muulize Mzee: moto ukilegea namna hiyo na treni imejaa watu, mtia makaa afanyeje? Aongeze makaa au asubiri? Niandikie kwa maneno yake mwenyewe, usiyafupishe.

Wako,
Mghanga