Barua kwa Rehema kuhusu mwaka wa nne

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuumaliza mwaka wa tatu wa shule ya udaktari. Umeniuliza mwaka wa mwisho uupange vipi ikiwa nia yako ni kuomba mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa jumla huko Marekani. Anza kuhesabu kutoka mwishoni mwa Septemba kurudi nyuma. Hapo ndipo programu za mafunzo hospitalini zinapofunguliwa maombi katika ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kuyatuma, pamoja na barua ya tathmini kutoka shuleni kwako. Utakachokifanya Oktoba, hata kiwe kizuri namna gani, wengi wa wanaoyasoma maombi hayo hawatakiona. Mwaka wako wa maombi, basi, ni miezi ya Aprili hadi Agosti tu.

Katika miezi hiyo kitu kigumu kuliko vyote ni barua za mapendekezo. Kila programu unaweza kuitumia barua zisizozidi nne, na kwa upasuaji nyingi zitoke kwa wapasuaji waliokuona ukifanya kazi. Mwombe mtu uso kwa uso katika wiki ya mwisho ya rotesheni, yaani zamu yako ya mafunzo katika idara moja, kabla hajakusahau, na umuulize waziwazi kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Akisita, mshukuru na utafute mwingine, kwa maana barua baridi huumiza kuliko kukosa barua. Mpe wasifu wako, rasimu ya maelezo binafsi na orodha fupi ya wagonjwa mliowahudumia pamoja, ili awe na mifano ya kuandika. Saini kwamba umeacha haki ya kuisoma; barua ambayo mwanafunzi aliweza kuiona haiaminiki sana. Mwandishi huipandisha mwenyewe kwenye mfumo, na wapasuaji wana shughuli nyingi, kwa hiyo mpe tarehe ya mwisho katikati ya Agosti na ukague kila wiki kama imefika.

Ndiyo sababu rotesheni ya kufanya kazi kama intani (daktari wa mwaka wa kwanza) wa upasuaji uifanye kwanza hospitali ya shule yako, Mei au Juni, mahali unapojua mfumo wa kompyuta na majina ya wauguzi. Za nje, yaani kwenye hospitali za shule nyingine, ambazo kwa kawaida ni wiki nne nne, ziweke Julai na Agosti. Kwa upasuaji wa jumla moja au mbili zinatosha kabisa. Ni usaili wa mwezi mzima, na mwanafunzi aliyechoka kwenye rotesheni ya tatu hujiharibia pale alipotaka kupendwa. Maombi ya rotesheni hizo za nje hupitia VSLO, mfumo wa wanafunzi wageni, kuanzia miezi ya mwanzo ya mwaka, na kinachokwamisha wengi ni makaratasi ya afya. Pima kingamwili za homa ya ini B mapema, ikiwezekana Januari: zikikosekana ukalazimika kurudia dozi zote tatu za chanjo, ratiba yake huchukua miezi sita.

Mtihani wa Step 2 CK, hatua ya pili ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, uumalize kabla ya kwenda nje. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza, Step 1, hutoa kufaulu au kufeli tu, hivyo alama ya namba itakayoonekana ni ya Step 2. Matokeo huchukua wiki mbili hadi nne. Jipe wiki nne za kusoma mara tu baada ya mwaka wa tatu, ilhali magonjwa ya ndani, watoto na uzazi bado yako kichwani. Usiusome kama mtihani wa upasuaji, maana sehemu yake kubwa ni tiba ya ndani. Kuusomea usiku baada ya saa kumi na nne za wodini ni mpango ambao hauendi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya raundi, kwa kila mgonjwa ujue yaliyotokea usiku, joto la juu kabisa, mapigo, majimaji yaliyoingia na yaliyotoka mwilini, kiasi na rangi ya majimaji ya dreni (mrija wa kutolea majimaji pale alipopasuliwa), kama ametoa hewa ya tumboni, na kidonda kilivyo. Yaseme chini ya dakika mbili, kisha useme unapendekeza nini. Wanafunzi wengi husoma namba vizuri halafu wananyamaza, na hapo ndipo wanapopoteza barua. Mtu mzima wa kilo 70 anatakiwa kutoa mkojo angalau mililita 35 kwa saa, yaani 0.5 kwa kila kilo. Akitoa mililita 20 kwa saa, saa nne mfululizo, usiishie kusema mkojo umepungua. Sema umekagua kama mpira wa mkojo umeziba, mapigo yamepanda au la, dreni ina damu kiasi gani, na kama anahitaji maji au kupimwa damu upya. Vivyo hivyo kwa homa: kidonda huanza kuoza mara nyingi kuanzia siku ya tano baada ya upasuaji, lakini maambukizi makali ya streptokoka au klostridia yanaweza kujitokeza ndani ya saa 48 za kwanza. Mgonjwa mwenye homa siku ya kwanza na maumivu yasiyolingana na kidonda, fungua bandeji uangalie, na umwite mkubwa wako papo hapo.

Kwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, usiku wa kuamkia upasuaji soma kwa nini mgonjwa anapasuliwa, angalia picha zake mwenyewe, kisha upitie anatomia na hatua. Katika kuondoa mfuko wa nyongo kwa kamera, kwa mfano, ujue masharti matatu kabla ya kukata: pembetatu kati ya ini na mirija ya nyongo imesafishwa mafuta, theluthi ya chini ya mfuko imebanduliwa kwenye ini, na vitu viwili tu vinaonekana vikiingia mfukoni. Mafundo yafanyie mazoezi kwa mikono miwili, kisha kwa mkono mmoja, wa kushoto pia. Fundo hulegea kwa sababu mikono haikupishana, na ukilivuta kuelekea juu badala ya kulilaza unachana nyama.

Kwenye fomu ya ERAS una nafasi ya shughuli kumi, na tatu kati yake unaeleza kwa nini ni muhimu zaidi. Maelezo binafsi yasizidi ukurasa mmoja. Ishara za kuonyesha programu unazozitaka zina idadi maalumu, kwa hiyo zitumie kwa zile ambazo kweli utaenda. Tazama sana aina ya nafasi: ya kamili inakupeleka miaka mitano hadi mwisho, ya awali ni ya mwaka mmoja bila ahadi ya kuendelea. Zote huonekana chini ya jina la hospitali moja, na ni rahisi kukosea.

Usaili huendelea hadi Januari, kwa hiyo miezi hiyo weka rotesheni nyepesi kama radiolojia na dawa za usingizi. Orodha ya mapendeleo, yaani ya programu unazozitaka kwa mfuatano, inayofungwa mwanzoni mwa Machi, ipange kwa jinsi unavyopenda na si kwa kubashiri nani anakutaka. Hesabu inayotumika tangu 1998 kuwaoanisha waombaji na programu huanzia upande wa mwombaji, na kubashiri hakukusaidii chochote. Baada ya hapo chukua mwezi mmoja wa wagonjwa mahututi. Mwanzoni mwa Julai utaanza kupigiwa simu usiku kuhusu wagonjwa wa aina hiyo.

Ratiba ya shule ikitoka, nitumie kabla hujaithibitisha, hasa Mei hadi Agosti.

Wako,
Neema