Eli Manning: pete mbili hazitoshi, na 117-117 si hoja

Mhariri,

Wasomaji wenu wanaobishana kama Eli Manning, mrusha pasi mkuu (kwotabeki) wa zamani wa New York Giants, aingizwe kwenye Jumba la Magwiji la mpira wa Kimarekani kule Canton, Ohio, wamegawanyika kambi mbili, na kila kambi imeng'ang'ania namba moja. Huku wanapiga kelele za pete mbili za Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL ambayo washindi huvishwa pete. Kule wanajibu 117-117, yaani katika mechi za msimu wa kawaida alizoanza, New York Giants walishinda 117 na kufungwa 117. Namba zote mbili zinapotosha, ingawa na mimi kura ningekuwa nayo nisingempa.

Hiyo 117-117 tuimalize upesi. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira shambulizi linapoanza na kuamua amrushie nani, lakini wapinzani wakiwa na mpira yeye yuko nje ya mstari, kavua helmeti, anatazama kama sisi. Joe Namath, kwotabeki wa zamani, aliingizwa mwaka 1985 akiwa amepoteza mechi nyingi za msimu wa kawaida kuliko alizoshinda, na pasi zake zilizonaswa na wapinzani, 220, zinazidi tachidauni zake, yaani pasi zilizozaa bao, 173. Kama ushindi na kufungwa ndiyo mizani, Namath naye atolewe.

Pete ndizo zinazohitaji kuangaliwa kwa makini. Giants walishinda mechi nane za mtoano katika misimu ya 2007 na 2011, nne kila msimu. Wapinzani walifunga pointi 14, 17, 20 na 14. Halafu 2, 20, 17 na 17. Jumla ni 121, wastani wa pointi 15 kwa mechi, yaani pete hizo ni za walinzi pia. Hizo 2 walizopata Atlanta hata si kosa la walinzi: Manning mwenyewe, akiwa ndani ya eneo lake la mwisho, aliutupa mpira pasipo na mtu ili asiangushwe, na adhabu yake ni pointi mbili kwa mpinzani. Kwa hiyo safu ya ulinzi siku ile haikufungwa kitu. Manning alicheza vizuri sana katika mechi hizo nane, tachidauni 15 na pasi mbili tu zilizonaswa, hilo simnyimi. Lakini misimu ya 2005, 2006, 2008 na 2016 aliingia mtoano na kutolewa mechi ya kwanza kila mara, kwa jumla ya tachidauni 3 na pasi 7 zilizonaswa.

Halafu kuna lile tukio ambalo kila mtetezi wake huanza nalo. Super Bowl ya Februari 2008, wapinzani New England wanaongoza 14-10, imebaki dakika moja na sekunde 15, Giants wako kwenye yadi 44 ya upande wao, jaribio la tatu kati ya manne, wanahitaji yadi 5 ili waendelee na mpira. Manning anashikwa jezi, anachomoka, anarusha mpira juu katikati ya uwanja, na mpokeaji David Tyree anaubana kwenye helmeti yake huku mlinzi Rodney Harrison akimning'inia. Yadi 32. Dakika haijaisha, Plaxico Burress anafunga. Wanachoruka wengi ni mchezo mmoja kabla ya hapo: pasi ya Manning ilipita mikononi mwa Asante Samuel, mlinzi wa New England, ambaye angeukamata ule mpira hadithi ingeishia pale. Uhodari upo, lakini na bahati ilikuwepo, tena ya kutosha.

Kama ningepewa kazi ya kumtetea, Tyree ningemwacha kabisa nikaenda moja kwa moja msimu wa 2011. Giants walikuwa wa mwisho kati ya timu 32 kwa yadi za kukimbia na mpira, walinzi wao walikuwa wa 27, na katika msimu wa kawaida walifungwa pointi 400 wakafunga 394. Timu ya namna hiyo ilibebwa na mkono wa mtu mmoja: yadi 4,933, na tachidauni 15 za robo ya nne, rekodi. Ile pasi ya yadi 38 kwa Mario Manningham kwenye Super Bowl, kandokando ya mstari wa kushoto kati ya walinzi wawili, Giants wakiwa nyuma 17-15, haina bahati hata chembe. Lakini huo ni mwaka mmoja. Na hata mwaka huo, makwotabeki wengine watatu, Brees, Brady na Stafford, walivuka yadi 5,000.

Hapo ndipo jumla yake ya yadi 57,023 inapopungua uzito. Alianza ligi 2004, mwaka uleule waamuzi walipoagizwa kukaza sheria ya mlinzi kumgusa mpokeaji aliyevuka yadi 5. Namba za kila kwotabeki zikapanda. Za Manning zilipanda pamoja na makosa: mara tatu aliongoza au alifungana kileleni mwa ligi kwa pasi zilizonaswa, 20 mwaka 2007, 25 mwaka 2010 na 27 mwaka 2013. Katika misimu 16 hakuwahi kutajwa katika kikosi bora cha mwaka, si cha kwanza wala cha pili.

Tatizo la mwisho ni karatasi yenyewe ya kura. Mpiga kura haulizwi kama Manning ni mzuri. Tangu utaratibu wa 2025, anapewa majina saba ya mwisho na kuruhusiwa kuchagua matano, na anayeingia lazima apate asilimia 80. Robo ya wapiga kura wakikuruka, umekwama. Mwaka huo, ambao Manning alikosa kwa mara ya kwanza, waliopita kutoka kundi la wachezaji wa karibuni walikuwa watatu tu.

Mwaka 2027 anaanza kustahili kupigiwa kura kwotabeki mwingine, Ben Roethlisberger, waliyeingia naye ligi mwaka mmoja. Pete mbili vilevile, ushindi 165 na kufungwa 81, pasi zilizonaswa 211 dhidi ya 244 za Manning ingawa alirusha pasi zaidi ya 300 za ziada. Nikiwa na nafasi moja ya kwotabeki kwenye karatasi hiyo, naandika Roethlisberger.

Mfuatiliaji wa NFL,
Columbus, Ohio