Shamba lisiuzwe kwanza

Boston, Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Kimya changu nisamehe, zamu za usiku zimenimaliza. Sauti uliyonitumia, ukiniuliza kama ngozi ya kutengeneza ipo kweli na kama uuze shamba umnunulie mtoto Zuhura aliyeungua, nimeisikiliza mara tatu. Ya tatu nilijifungia chooni, maana nilimsikia Zuhura kwa nyuma akiomba maji.

Hiyo ngozi ya kutengeneza ipo kweli, tena chimbuko lake ni huku huku Boston: daktari John Burke na Mgiriki mmoja, Ioannis Yannas, waliitangaza mwaka 1981. Mama naye mwambie si nguruwe! Ni kolajeni ya ng'ombe (ile protini inayoshikilia ngozi) na kitu kinachotolewa kwenye gegedu ya papa (sasa usije ukaacha papa wa nazi), juu kuna utando wa silikoni. Jeraha likishasafishwa inatandazwa, mishipa midogo ya damu inapenya humo kama mizizi, na baada ya wiki mbili tatu silikoni inabanduliwa.

Halafu? Halafu mgonjwa anachunwa ngozi yake mwenyewe, nyembamba, inapandikizwa juu. Hilo hukuambiwa, eh? Wodini kwetu hiyo ya kutengeneza naiona zaidi kwa walioungua karibu mwili mzima, ambao ngozi ya kuchuna ya kutosha hawana. Zuhura kaungua paja na nyuma ya goti. Mgongo wote haukuungua! Kwa nilivyoona pichani, daktari wenu akisema atampandikiza ya kwake, hajakunyima kitu. Huyo anayekwambia uuze shamba… basi, niache, nisije nikatukana.

Ninachokiogopa mimi ni goti. Mtoto akiumia hulikunja, anapata nafuu, na kovu linamfunga hivyo hivyo. Lalieni macho hilo goti, linyooshwe hata akilia. Najua ni rahisi kusema nikiwa mbali.

Dawa ya meno nani alimpaka? Au nisiulize? Wamekwambia jeraha limefika kina gani? Siku ya kupandikiza imepangwa? Mayai na maziwa anakula, au ni uji mtupu? Shemeji karudi Pemba? Na wewe, unalala?

Hela kidogo nimempa Bi Salma, anakuja Ijumaa. Si za shamba, ni za mayai.

Wako,
Rukia