Alama juu ya herufi zina kazi yake

Mhariri,

Kurasa zenu huchapa majina ya kigeni yakiwa yamevuliwa alama: Bogotá inakuwa Bogota, São Paulo inakuwa Sao Paulo. Huenda wahariri wenu wanaziona kama mapambo. Sivyo, na anayeponzwa zaidi ni msomaji wa Kiswahili.

Katika Kihispania, neno linaloishia na irabu, n au s huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu sawa na kwetu. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo huenda mwishoni. Neno likivunja kanuni hiyo, alama ndiyo hutoa taarifa. Akiona Bogota tupu, msomaji wenu atakazia "go" bila kusita, kwa mazoea ya lugha yake. Ile á ingemwelekeza kwenye "ta".

Katika Kifaransa kistari hichohicho hakihusiani na mkazo. É hutamkwa mdomo ukibana, è ukifunguka zaidi, na ç hulinda sauti ya s mbele ya a, o na u, ambapo c ya kawaida ingesomwa k.

Kiyoruba ndicho kinachoumia zaidi. Kistari huonyesha toni ya juu au ya chini (ya kati huachwa wazi), na nukta ya chini hubadilisha irabu yenyewe. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Futa vyote, unabaki na oko, ambalo ni shamba.

Wala msidhani wimbi, ile alama ya ~ juu ya herufi, lina maana moja. Katika Kireno, ã hutolewa puani. Kihispania ñ ni "ny" yetu. Katika Kikuyu, ĩ na ũ hazina upua wowote; ni irabu mbili za ziada, zinazokaribia e na o zilizobana.

Kuziandika si kazi: kwenye simu, bonyeza herufi bila kuachia hadi chaguo zitokee. Tatizo liko kwingine. É inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama e ikifuatwa na alama. Machoni ni sawa, lakini programu isiyozilinganisha itashindwa kulipata jina mkilitafuta kwenye kumbukumbu zenu. Chagueni umbo moja, lile lililounganishwa, mbadilishe maandishi yote kabla ya kuyahifadhi. Ọ́ haina umbo la herufi moja, hivyo fonti dhaifu huisukuma alama pembeni au kuchapa kiboksi. Ijaribuni fonti kwa herufi hiyo kabla ya kuinunua.

Mkishindwa kabisa, Kijerumani kinaruhusu Müller awe Mueller. Kihispania hakina msamaha huo: año ni mwaka, na bila wimbi lake linabaki jina la kiungo ambacho gazeti lenu lisingependa kukitaja kwenye salamu za Mwaka Mpya.

Msomaji wenu