Kwa mdogo wangu aliye gerezani Marekani

Mdogo wangu,

Arobaini ya Mama tumeisoma hapa Majengo. Hata wale wa Pangani walikuja, na kila aliyekula pilau aliniuliza kama umeandika. Nikasema posta ya huko inachelewa. Nimekusitiri, kama kawaida.

Sasa niache niseme. Siku ile ulipopiga simu, spika wazi, Mama alikuwa anaifukiza udi barua yako. Unajua alivyoandika: herufi za ngumbaru, moja moja, jioni nzima kwa ukurasa mmoja, kisha karatasi juu ya chetezo ili ikufikie na harufu ya nyumbani. Nawe ukamwambia, "Mama, usijisumbue. Wananipa nakala tu, zako wanazikatakata mashineni." Hakujibu. Aliikunja, akaitia chini ya godoro. Hakushika kalamu tena mpaka Mungu alipomchukua.

Mimi nilijua zamani. Pennsylvania walianza 2018: walisema dawa za kulevya zinaloweshwa kwenye karatasi, basi barua za familia zikawa zinapelekwa kwa kampuni Florida, zinaskaniwa, mfungwa anapewa nakala, na ile halisi inaharibiwa. Jimbo lenu likafuata. Mama nilimwambia barua zinafika, na zilifika, kila neno ulilisoma. Sikudanganya, ingawa uliniita mwongo mashangazi wakisikia. Mjomba alipokuwa Kamiti, askari walisoma barua zetu kabla yake, lakini karatasi tuliyoishika sisi ndiyo aliyoishika yeye. Jela ya namna hiyo Mama aliielewa. Ya kwenu ulimweleza ya nini, uzeeni mwake?

Usidhani sikuhurumii. Kumnyima mtu mwandiko wa mamake kwa dawa ambazo mama huyo hata hazijui ni ukatili, nami nitausema popote. Najua hasira yako ilikuwa kwao, si kwake. Ungenipa mimi hasira hiyo, mimi ningeibeba.

Umeomba nikutumie ile ya chini ya godoro. Sitaituma. Picha yake nitakupelekea kwa anwani ya kampuni yao. Karatasi yenyewe utaipata ukirudi, na mpaka siku hiyo inakaa kwangu.

Kama umekasirika, niandikie hivyo hivyo, kwa mkono wako. Za kwako bado hutufikia kama ulivyozikunja. Na mashangazi waandikie. Wao hawakukukosea kitu.

Dada yako