Makala yenu ya fereti imekisahau kitanda

Mhariri,

Habari za kazi, na salamu kwa wote mnaoandaa ukurasa wa wanyama wa nyumbani. Mi ni msomaji wenu na naishi na fereti ambao mchana wanazunguka tu chumbani bila kufungiwa. Ile makala ya kuwaachia fereti watembee huru ndani nimeisoma yote na wazo lenyewe naliunga mkono kabisa, manake kumweka kwenye banda kutwa nzima mnyama mwenye akili na utundu kama ule ni kumtesa. Ila jamani, makala imeongelea nyaya, imeongelea madirisha, imeongelea hadi maua ya ndani, alafu kitanda kikapewa kasentensi kamoja tu kwamba watu wakague na chini ya kitanda. Wakague nini sasa? Mtu ambaye hajawahi kufuga atainama, ataona vumbi na soksi moja, atasema poa, kisha anafungua mlango wa banda.

Mi nasema chumbani anza na kitanda, hizo nyaya zitafuata. Waya unauona, ukishauziba umeziba. Kitanda wewe mwenyewe ndo unakikalia, unakilalia, unakisukuma, na mnyama yuko ndani yake wala huna habari.

Kwa msomaji asiyemjua, fereti ni jamaa wa kicheche, mwili mrefu mwembamba, miguu mifupi, jike ana uzito wa chini ya kilo moja mara nyingi na dume anaweza kufika kilo mbili. Asili yake ni mnyama wa porini wa Ulaya anaitwa polekati, na watu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2000, kazi yake kubwa ikiwa kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwatoa mbio. Kwa hiyo mnyama ambaye mababu zake wote walichaguliwa kwa sababu hawaogopi shimo lenye giza, wewe umlete chumbani umwonyeshe upande wa chini wa lile boksi la springi linalokaa chini ya godoro, unategemea atafanya nini? Ataingia tu.

Na hapo ndo wengi hawajui, manake nani huwa anageuza hilo boksi la springi akaangalia kuna nini. Pale chini pamefunikwa na kitambaa chepesi sana, kimebanwa kwa pini za stepla pembeni basi. Kipo kuzuia vumbi tu. Fereti akilala chali chini ya kitanda akakikwaruza kwa kucha kidogo tu kinachanika, alafu anapanda ndani kati ya springi na anakuona wa maana sana kumpa nyumba ya ghorofa. Sasa we unakuja umechoka unajitupa kitandani. Springi zinashuka. Sihitaji kumalizia hiyo sentensi.

Na msitegemee kwamba atasikia unakuja akatoka. Fereti analala masaa 14 hadi 18 kwa siku na usingizi wake sio wa kawaida, kuna ule usingizi mzito ambao unamnyanyua analegea tu kama kitambaa kilicholowa, hafungui jicho, watu wameshawakimbiza kwa daktari wakidhani wamekufa kumbe mtu amelala zake. Mnyama wa hivyo hakimbii akisikia kitanda kinalia.

Haya, dawa yake. Kwa maoni yangu boksi la springi litolewe kabisa, sio lizibwe, litolewe. Najua kuna watu wanaliziba kwa kitambaa kizito au wavu wa chuma wenye matundu madogo na kulipiga pini kila baada ya sentimita chache, na inafanya kazi kama fundi ni makini, ila pini zinalegea na wavu ukikatwa vibaya unabaki na ncha zinazochoma, kwa hiyo unajikuta unakagua kila wiki maisha yako yote. Afadhali godoro likae juu ya ubao mzima. Kama kitanda chako ni cha chaga, zile chaga zina nafasi katikati na fereti anapita hapo kwenda kukwaruza godoro kwa chini, au analala kati ya chaga na godoro, na chaga ikicheza mtu akikaa ndo hivyo tena. Muite seremala apige plaiwudi juu ya chaga zote, mwambie aache vitundu vya hewa ili godoro lisiote ukungu, lakini viwe vidogo kiasi kwamba kichwa cha fereti hakipiti. Kanuni yao ni hiyo, kichwa kikipita mwili wote unapita, na kwa jike mdogo upenyo wa sentimita mbili na nusu unatosha. Usimpime kwa tumbo.

Godoro la sponji lenyewe lina balaa lake, na hapa makala haikugusa kitu kabisa. Fereti, hasa wadogo wa chini ya mwaka mmoja au miwili, wanapenda kutafuna vitu laini vinavyovutika, yaani sponji, raba, silikoni, na hawatemi, wanameza. Kipande kidogo cha sponji kinaziba utumbo na hapo ni upasuaji, hakuna mjadala. Kwa hiyo godoro livalishwe kava zima la zipu, sio shuka ya kukunja pembeni, kava linalofunika pande zote sita, na ile zipu uifunge mpaka mwisho alafu uigeuzie upande wa ukutani manake kuna fereti wanajua kufungua zipu kwa pua. Mito vilevile. Na ukiona popote godoro limeshatobolewa hata tundu la kidole, shona leo leo, usingoje wikiendi.

Kuna wanaosema suluhisho ni kulaza godoro chini sakafuni. Sio wazo baya, hakuna tena chini ya kitanda kwa hiyo tatizo moja limekufa, lakini mbavu za godoro zinabaki usawa wa kucha zao na pia unyevu unaingia kwa chini, kwa hiyo bado kava unahitaji na bado utalinyanyua mara kwa mara lipate hewa. Na kabla hujaliangusha tena chini hesabu fereti wako, wote, kwa macho.

Kuhusu chini ya kitanda kwenyewe mi nina msimamo ambao wengine wataona mkali, ama uzibe kabisa ama uache wazi kabisa. Kuziba nusu ndo kubaya kuliko vyote. Ukiweka mabegi na maboksi pale chini umetengeneza vichochoro, wataingia, watafanya choo kwenye kona ya mwisho ambayo mkono haufiki (fereti anarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona ndo anajisaidia, hivyo kila kona iliyofichika ni choo), na wataficha huko funguo zako na kila walichoiba. Kama unaziba, mbao ziende kuzunguka pande zote mpaka sakafuni, na uhakikishe hakuna aliyebaki ndani kabla hujapiga skrubu ya mwisho. Kama unaacha wazi basi paachwe peupe, ukiinama unaona ukuta wa upande wa pili, na kitreya cha choo unakiweka hapohapo kwenye kona wanayoipenda badala ya kugombana nao.

Vitanda vyenye droo chini sivipendi hata kidogo. Nyuma ya droo huwa kuna uwazi, fereti anaingia kupitia upande wa chini au mgongoni, we unasukuma droo kufunga na yeye yuko nyuma. Makabati ya nguo yako hivyohivyo, geuza uangalie kama mgongo na chini pamezibwa. Na vile vitanda vya kufunua godoro juu vyenye stoo ndani, na sofa za kukunjuka ziwe kitanda, na viti vya kulalia nyuma vyenye vyuma vya kukunjana, hivyo havina marekebisho. Vitoke kwenye chumba cha fereti. Hakuna kitambaa wala mbao itakayokusaidia kwenye kitu kilichotengenezwa kijikunje.

Sasa tabia za mwenye chumba, manake ubao peke yake haumalizi. Usikae kitandani kabla ya kupapasa blanketi lote, kwa viganja, kuanzia miguuni. Nguo ukizirundika chini mmoja atalala ndani yake, kwa hiyo lile tenga la nguo chafu unalimwaga lote na kukung'uta kabla hata kitu kimoja hakijaingia kwenye mashine ya kufulia, na mlango wa mashine ubaki umefungwa muda wote. Wazoesheni mlio mmoja, kidoli cha kupiga kelele kinafaa sana, unakibonyeza na kila anayekuja anapata kitu kitamu, wanashika haraka mno. Siku umekosa mmoja unabonyeza tu, unasikiliza mkwaruzo unatokea wapi. Kengele shingoni wengine wanaipenda, mi naogopa kola inavyonasa kwenye springi na chaga.

Usiku je? Hapa najua nitapingwa. Kulala nao kitanda kimoja ni raha, sikatai, ila mtu aliyelala anageuka na fereti anaingia chini ya shuka mpaka miguuni, na ukiunganisha na ule usingizi wake wa kulegea, hapana. Ukizima taa warudi kwenye banda lao, wana machela yao ya kuning'inia na blanketi lao, hawadhuriki, na wao huchangamka zaidi alfajiri na jioni kwa hiyo unawafungua ukiamka wewe. Ukitoka nyumbani ni hivyohivyo. Na ukiwa na mafua wasikusogelee kitandani kabisa, influenza ya binadamu, yale mafua makali, inawashika vizuri tu, kirusi chenyewe cha mafua watafiti wa Uingereza walikipata mwaka 1933 kwa kuwaambukiza fereti, na baadaye fereti akampigia chafya mtafiti usoni naye akaugua. Joto pia, chumba kikizidi nyuzi 27 hivi wanaanza kuteseka manake hawatoi jasho kama sisi, na chini ya duveti ni zaidi.

Yaliyobaki makala yenu iliyasema vizuri, nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, wavu dirishani, uwazi chini ya mlango. Naongezea tu meza ya pembeni ya kitanda manake ni sehemu ya kitanda bana, kuna vidonge vya maumivu pale, ibuprofeni ni sumu kwao na kidonge kimoja tu kinamtia hatarini, kuna rimoti yenye vitufe vya mpira, kuna iafoni zenye vile vipira vya masikioni, na chini kuna ndala. Vyote vinaliwa. Weka kwenye droo iliyozibwa nyuma.

Na kwa ambaye tayari ana wasiwasi kuwa wake kamega godoro, angalia kama anagoma kula, amenyong'onyea, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, anasaga meno, anatapika, au choo kimekuwa chembamba kama uzi au hakuna kabisa. Usisubiri kesho uone. Chakula kinapita kwa fereti kwa masaa kama 3 hadi 4 tu, kwa hiyo siku nzima bila kula na bila choo kwake ni muda mrefu sana, nenda kwa daktari wa wanyama na umwambie wazi kuwa chumbani kuna sponji, usimwachie abahatishe.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja, kama mtarudia mada hii mtoe na picha ya upande wa chini wa boksi la springi, kile kitambaa kikiwa kimefunguliwa springi zionekane. Na mpiga picha wenu alale sakafuni kabisa, akipiga akiwa amesimama hatapata kitu.

Mfuga fereti, msomaji wenu